Kaharabu ya Wagiriki, Umeme wa Uroa

Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, kaskazini ya Chwaka, mtu hununua umeme kama anavyonunua sukari. Hutoa shilingi elfu chache, akapewa tarakimu za kuingiza kwenye mita, na taa ikawaka. Hakuna anayeshangaa. Lakini neno lenyewe, likitazamwa bila ya mazoea, ni la ajabu. Kinachouzwa kina jina la ule mwanga unaopasua mawingu usiku wa masika juu ya bahari, mwanga ambao wavuvi wa upande huo wameuona tangu zamani bila ya yeyote kufikiri kwamba siku moja utapimwa kwa yuniti. Waingereza hawauiti hivyo, wala Wafaransa, wala Waarabu. Wao, kila mmoja kwa njia yake, huuita kwa jina la utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Tofauti hiyo ina historia yake, na ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba Waswahili walipouita umeme hawakufanya hivyo kwa kukosa neno la kitaalamu. Walikuwa na maneno mengine karibu yao, likiwemo lile lile la utomvu, wakayaacha.

Tuanze na utomvu huo. Wagiriki wa kale waliita elektron kitu cha rangi ya asali, chepesi, kisicho na baridi ya jiwe kikishikwa mkononi, ambacho kwa wingi kililetwa kutoka pwani za kaskazini ya Ulaya. Kwa Kiswahili ni kaharabu, na wanaopenda tasbihi nzuri wanaijua. Warumi waliliazima neno la Kigiriki, wakalibadilisha mwisho wake tu ili lifuate sarufi ya Kilatini, likawa electrum. Liliingia na maana zake zote mbili, kwa sababu tangu kwa Wagiriki lilikuwa jina la kaharabu na pia la mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Sarafu za kwanza za Lydia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, zilipigwa kwa mchanganyiko huo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anasema katika kitabu chake cha mambo ya asili kwamba dhahabu yenye sehemu moja ya tano ya fedha huitwa electrum. Katika sehemu nyingine ya kitabu hicho anaieleza kaharabu kwa urefu, anawakemea Wagiriki kwa hadithi yao ya madada waliogeuka miti wakawa wanalia machozi ya kaharabu, na anashikilia kwamba ni maji ya mti yaliyoganda. Hapo alikuwa sahihi. Warumi walikuwa hata na jina lao la nyumbani, sucinum, linalotokana na neno la maji ya mti, lakini lile la kuazima ndilo lililosafiri.

Kwa nini kaharabu na dhahabu iliyopauka vikapewa jina moja? Vinafanana kwa mng'ao tu. Katika ushairi wa kale wa Kigiriki jua huitwa elektor, lenye kung'aa, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba elektron ni mtoto wa neno hilo. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu hoja yangu itarudi kuliegemea. Kabla halijawa neno la mvutano, na karne nyingi kabla ya waya, lilikuwa neno la kung'aa.

Mvutano nao ulijulikana mapema. Kipande cha kaharabu kikisuguliwa kwa kitambaa cha sufu huokota makapi, nyuzi na majani makavu. Thales wa Mileto, aliyeishi zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, anatajwa na waliokuja baada yake kuwa alidhani kaharabu na sumaku vina roho. Plinius ana habari ambayo kwangu ina thamani zaidi, kwa kuwa inatoka mikononi mwa watu wa kazi. Anasema wanawake wa Shamu walichonga kwa kaharabu vile vigurudumu vizito vya kijiti cha kusokotea uzi, na waliiita kaharabu hiyo kwa jina lenye maana ya mnyang'anyi, kwa sababu inanyakua majani, makapi na tamvua za nguo. Fikiria mwanamke amekaa, kigurudumu kinazunguka na kusuguana na nguo yake siku nzima, na jioni anakuta kimejaa vumbi la mabua. Huyo hakuhitaji kuambiwa na mwanafalsafa. Waajemi walikuwa na wazo lilelile: kahruba yao ni kah, bua kavu, na ruba, mwenye kupora. Waarabu waliichukua kutoka kwao, na Waswahili wakaipata kwa Waarabu. Kaharabu ni mwizi wa mabua. Mtu wa Mji Mkongwe aliyekuwa akihesabu tasbihi ya kaharabu alikuwa ameshika, ndani ya jina lake, maelezo mafupi ya sayansi.

Sayansi yenyewe ilichelewa. Mwaka 1600 daktari wa Kiingereza, William Gilbert, alitoa kitabu kwa Kilatini kuhusu sumaku. Alikuwa amejaribu vitu vingi, vikiwemo kioo, salfa na lakiri, akaona kwamba navyo vikisuguliwa huvuta kama kaharabu. Alihitaji jina la kundi zima. Akaichukua electrum, akaivuta kuwa electrica, yaani vitu vyenye tabia ya kaharabu, na kabla ya karne hiyo kwisha Waingereza walikuwa tayari na neno wanalolitumia mpaka leo. Waarabu walipohitaji jina la nguvu hiyo katika karne ya 19, walifuata nyayo: ikiwa Wazungu wameiita kwa jina la kaharabu, nao wakaiita kahrabaa. Mswahili aliyehamia Maskati hulipa bili ya kahrabaa kila mwezi. Waajemi, ambao neno ni lao, hawakulitaka. Wao husema barq, neno la Kiarabu la umeme wa mawingu, lenye mzizi mmoja na Buraki wa safari ya Miraji. Waarabu walichukua kaharabu kwa Waajemi, Waajemi wakachukua umeme kwa Waarabu, na kila upande ukaridhika na cha mwenzake.

Anayepinga ataanza hapa. Atasema kaharabu kwa Mswahili ilikuwa pambo la matajiri lililoletwa kutoka mbali, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kuanzia kwenye punje ya tasbihi na kufikia kwenye taa. Jibu limo ardhini, ng'ambo ya mkondo wa Zanzibar. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi ulioanguka, ukafunikwa na mchanga, ukakaa humo muda mrefu mpaka ukawa mgumu. Ni mdogo wake kaharabu. Katika karne ya 19 watu wa Mrima waliichimba, ikavushwa kwa majahazi mpaka Unguja, na kutoka Unguja meli za Salem, Massachusetts, ziliibeba pamoja na pembe za ndovu ili ikayeyushwe kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Biashara hiyo ilikuwa na macho makali. Sandarusi ya kuchimbwa ndiyo iliyokuwa na bei, na ilitambulika baada ya kuoshwa kwa ngozi yake yenye vipele vidogo vidogo, kama ya ndege aliyenyonyolewa manyoya. Ile changa, iliyotoka mtini, iliitwa chakazi, na wageni waliotaka kulitamka jina hilo walilipotosha mpaka likafanana na neno lao la punda. Anayeshika sandarusi kavu na kuisugua kwa kitambaa ataona ikiokota makapi kama kaharabu. Mfaransa Charles Du Fay, alipotambua mwaka 1733 kwamba kuna umeme wa namna mbili, ule wa kioo na ule wa utomvu, aliweka katika kundi la pili kaharabu na kopali, na kopali ndilo jina la Kizungu la sandarusi na utomvu wa jamii yake. Zanzibar, basi, ilikuwa ikiuza kwa frasila kitu chenye tabia ileile iliyowapa Wazungu jina lao. Kama kutoka kwenye utomvu mpaka kwenye taa ndiyo njia pekee ya akili, hakuna waliokuwa karibu nayo kuliko watu wa Unguja.

Hawakuipita. Na ili kuelewa walikopita, ni lazima tutazame walivyoigawa mvua. Kiswahili hakina jina moja kwa mambo yanayotoka mawinguni. Kinachoonekana ni umeme. Kinachosikika ni ngurumo. Kinachoshuka kikapasua mnazi au kuua ng'ombe ni radi. Radi ni neno la Kiarabu. Umeme na ngurumo ni ya Kibantu, na umeme unasikika kabisa kuwa katika jamii ya metameta na meremeta. Kamusi ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, inaujua umeme wa mawingu tu. Mgawanyo huu wa tatu si pambo la lugha. Nyumba ikiungua, wa kulaumiwa ni radi. Umeme peke yake, kwa maana ya zamani, hauchomi mtu. Unamulika, na kwa muda wa kufumba jicho baharini kote kunaonekana kama mchana. Kwa hiyo waliotoa jina la taa mpya walikuwa na nafasi ya kuiita kwa jina la pigo, wakaiita kwa jina la mwanga. Wale wanaodhani kwamba jina umeme lilizaliwa na woga wa watu wa shamba mbele ya mashine ya Mzungu wameuchanganya umeme na radi, kosa ambalo mtoto wa Uroa hawezi kulifanya.

Kuna sababu nyingine ya kutouona umeme kuwa jina la hofu. Watu wa Unguja ni watu waliolelewa na chuo cha Kurani, na katika sura ya 13, inayoitwa kwa jina la Radi, barq imetajwa kuwa jambo la kutia khofu na la kutia matumaini kwa pamoja, kwa kuwa nyuma yake kuna mvua. Wafasiri wa Kiswahili huandika umeme mahali pa barq. Matumaini yamo ndani ya neno tangu kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa, na kwa mkulima wa ardhi ya mawe ya pwani ya mashariki, anayesubiri vuli ili apande, hayo si matumaini ya kitabuni.

Je, ni jina sahihi? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani jina la Kigiriki ni la kisayansi na letu ni la mfano tu. Gilbert alipochagua electrum hakujua kwamba nguvu inayookota makapi ndiyo inayopasua mawingu. Mwaka 1600 hakuna aliyekuwa na ushahidi wa hilo. Ushahidi ulikuja mwaka 1752, pale Wafaransa waliposimamisha chuma kirefu huko Marly mwezi wa Mei kwa kufuata pendekezo la Benjamin Franklin wa Marekani, na Franklin mwenyewe akarusha kishada chake katika mawingu ya mvua. Tangu siku hizo inajulikana kwamba umeme wa mawingu na umeme wa kaharabu ni kitu kimoja. Kiswahili kilipotoa jina lake, ugunduzi huo ulikuwa umeshafanyika muda mrefu, na jina likaangukia upande wenye nguvu zaidi wa kitu hicho. Nani amekosea zaidi, aliyeiita bahari kwa jina la tone au aliyeiita kwa jina la wimbi? Na tukirudi kwenye mzizi, ugomvi wenyewe unapungua. Elektron ilikuwa kinachong'aa. Umeme ni kinachometa. Mgiriki alianza na mng'ao, akaushusha kwenye jiwe la utomvu, jiwe likapewa sifa ya kuvuta, na mvuto ukawa waya. Mswahili aliuruka mzunguko wote huo.

Sasa tuulize ni lini na wapi. Sayyid Barghash alijenga Beit el Ajaib mwaka 1883, na jengo hilo linatajwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Mashine za kuzalisha umeme za miaka hiyo ziliendeshwa kwa mvuke, kama ilivyokuwa garimoshi ya Bububu iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1904 na 1905. Si ajabu kwamba Pwani nzima ilipata jina jingine la nguvu hii, jina la mvuke wenyewe kwa Kiingereza: stima, au stimu. Kenya mpaka leo stima ndiyo kauli ya kila siku, na stima zikipotea nyumba iko gizani. Tanzania stimu ilikuwepo, kisha ikasukumwa pembeni, na vijana sasa wanaijua kwa maana ya kuchangamka au kulewa. Kwa hiyo kulikuwa na ushindani wa kweli, na umeme haukushinda kwa kuwa peke yake uwanjani.

Ninavyoona mimi, stimu ni neno la mtu aliyesimama karibu na mashine. Ameona bomba linatoa moshi, amesikia kishindo, amejua kwamba taa iliyoko barazani ni mtoto wa boila. Neno kama hilo lina maana mjini, palipo na kituo cha kuzalishia. Lichukue mpaka Uroa na halina pa kusimama. Umeme uliofika Uroa haukuwa na bomba wala kishindo. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na gridi ya Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mpaka Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Bwawa la Kidatu katika mto Ruaha Mkuu lilikuwa limeshaanza kazi mwaka 1975. Kisha, kwa msaada wa Norway, nguzo zikaanza kuelekea mashamba, na karibu na mwaka 1990 zikafika Uroa. Maji ya mto wa bara yaligeuka nguvu, nguvu ikapita chini ya mkondo wa Zanzibar, ikavuka kisiwa kwa nguzo, ikafika kwenye kijiji ambacho hakikuona hata kipande kimoja cha mashine iliyoizalisha. Kilichoonekana kilikuwa mwanga, umekuja kwa ghafla, unatoka juu. Kwa jambo la namna hiyo Kiswahili kilikuwa na neno tangu kale.

Uroa imebahatika kuwa na mwandishi wa kisa hicho. Tanja Winther, mwanaanthropolojia wa Norway, aliishi na watu wa kijiji hicho na mwaka 2008 akatoa kitabu kizima juu ya umeme ulivyoingia katika maisha yao. Kinachonivutia katika kazi yake ni jinsi mambo makubwa yalivyojificha mahali pasipotarajiwa. Mtu angedhani habari kubwa ni taa. Taa ilikuwa muhimu, ndiyo: koroboi yenye moshi na chemli ya kusafishwa kioo kila jioni zilipata mpinzani, na televisheni ikabadilisha jioni za watu. Lakini pampu ya maji iliwagusa zaidi wanawake, kwa sababu saa zilizokuwa zikiishia kisimani zilirudi mikononi mwao, nao walikuwa wakati huohuo wanaingia katika kilimo cha mwani, ambacho kilianza kuwa biashara katika pwani ya mashariki mnamo mwaka 1989. Jikoni, kinyume chake, umeme haukuingia kwa urahisi. Chungu kilibaki juu ya kuni. Gharama ni sababu mojawapo, ladha ni nyingine, na anayejua wali wa nazi uliopaliwa makaa juu hatahitaji ya tatu. Na nyaya na vyombo vya umeme vilikuwa kwa kawaida mali ya wanaume, jambo ambalo lina historia yake ya ndoa na talaka na linastahili makala nyingine.

Narudi kwenye neno. Kuna pingamizi mbili nzito zaidi kuliko ile ya tasbihi. Ya kwanza inasema jina umeme huenda si ubunifu wa Waswahili: Kihindi husema bijli na Kigujarati vijli, na yote mawili ni jina la umeme wa mawingu na la umeme wa waya. Mji Mkongwe ulikuwa na Wahindi wengi, wakiwemo mafundi, na fundi ndiye anayefunga taa. Waajemi wana barq, na hata alama ya maandishi ya Kichina inayotumika kwa umeme ilianza kuwa ya umeme wa mawingu. Sioni ubaya wa kukubali kwamba fundi wa Kigujarati na msaidizi wake wa Kiswahili waliuangalia waya mmoja na kuuita kwa wazo moja. Bahari ya Hindi imefanya hivyo mara nyingi. Lakini pingamizi hii ikichunguzwa inanisaidia. Nguo za jirani huvaliwa pale zinapokutosha. Zanzibar ilitawaliwa na nasaba ya Kiarabu, dini yake ilisomwa kwa Kiarabu, na Kiswahili chake kimejaa Kiarabu. Kama kuazima wazo kungekuwa ni kufuata tu aliye mkubwa, leo Uroa wangenunua kaharabu kwa yuniti. Wazo la umeme lilipokewa, kama kweli lilipokewa, kwa sababu lugha yenyewe tayari ilikuwa na neno lililosimama vizuri mahali pake.

Pingamizi ya pili ni ya maofisini. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, na mashirika ya serikali baada ya uhuru, ndizo zilizoamua maneno ya vitabuni. Shirika likijiita Shirika la Umeme na kuandika hivyo kwenye bili, watu watasema nini kingine? Hili lina ukweli, na linaeleza kwa sehemu kwa nini Tanzania ilikwenda njia yake na Kenya ikabaki na stima. Ila kamati zimebuni maneno mengi ambayo hayakuvuka mlango wa chumba cha mkutano. Neno la ofisi linaloishi ni lile ambalo watu wanalifanyia kazi baada ya ofisi kufungwa, na umeme watu wameufanyia kazi kwelikweli. Wanauvuta nyumbani. Unakatika, unarudi, unapungua, unawekwa, unaibwa. Mtu hupigwa shoti, na shoti limekaa pale ambapo zamani palikuwa na radi: mgawanyo wa mawinguni umehamia ndani ya nyumba, mwanga una jina lake na pigo lina jina lake. Hakuna kamati iliyoagiza hilo.

Hata wasiosema Kiswahili sana wamelihisi. Mwaka 2005 kampuni iliyopewa kusambaza umeme Uganda ilijiita Umeme, katika nchi ambayo ina lugha zake nyingi na Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani ya wengi. Mkataba wake ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, baada ya miaka 20.

Neno la Kigiriki nalo halikukosa njia ya kuingia Kiswahili. Liliingia kwa mlango wa skuli. Mwanafunzi wa sekondari wa Uroa anasoma habari za elektroni, jina lililobuniwa mwaka 1891 na mwanasayansi wa Ireland, George Johnstone Stoney, lenye mzizi katika elektron ileile ya Wagiriki, na akitoka darasani anakuta mafundi wa vifaa vya elektroniki. Wapo walimu wanaolalamika kwamba kuwa na umeme wa mawingu na umeme wa waya kwa jina moja kunamchanganya mtoto. Mimi nasema mtoto huyo ana bahati. Mwenzake wa Ulaya anapaswa kufundishwa kwamba vitu viwili vyenye majina mawili tofauti ni kitu kimoja, na ugunduzi wa Franklin huja kwake kama habari. Mtoto wa Uroa ameukuta ndani ya lugha ya mama yake. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba jina alilolizoea lina ukweli, na kumpa kipande cha sandarusi, kikipatikana, akisugue kwa kanga na kukishusha juu ya vipande vya karatasi.

Watu wa Unguja walijifunza jambo jingine kuhusu neno hili wakati umeme ulipokosekana. Mwezi wa Mei 2008 umeme wa gridi ulikatika kisiwa kizima kwa takriban mwezi mmoja. Tarehe 10 Disemba 2009 ulikatika tena, safari hii mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Pampu zilisimama, na mabomba yaliyokuwa yamewazoesha watu maji yakakauka. Ndoo zikarudi visimani. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Katika miezi ile maana mbili za neno zilikaribiana kuliko wakati wowote: cha kale na cha kila siku vyote viwili vilikuwa vitu vinavyokuja vinapotaka.

Kamusi zetu hueleza maana za umeme, lakini hazielezi safari yake: lini ulishuka kutoka mawinguni, nani walikuwa bado wakisema stimu, mafundi wa kwanza waliuitaje, wanawake waliungoja kwa jina gani. Waliokuwa watu wazima Uroa nguzo zilipofika sasa wana miaka zaidi ya hamsini, na waliokuwa wazee wengi wao wameshatangulia. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, vyuo vikuu vyetu na walimu wa skuli za pwani ya mashariki wawaendee waliobaki, na daftari, kabla ya masika ijayo.